Bahari ya Saa Nne

Vikokoni nzima ilijua kwamba maji yakiwa mafu, Bi Time Matano humpati pwani. Siku hizo bahari haiendi mbali, kamba za mwani hubaki zimezama, na mwanamke mwenye akili zake hukaa barazani akasuka ukili. Bi Time hakuwa wa kukaa barazani. Alivaa baibui lake la kutokea, akafunga chapati mbili kwenye kitambaa, akapanda gari ya asubuhi mpaka mjini, akaenda kukaa benchi la nyuma la mahakama ya wilaya kusikiliza kesi za watu.

Hakuwa na kesi. Alianza mwaka ule jirani yake aliposhtakiwa kwa kukata mikoko. Alikwenda kumsindikiza tu, akaona mtu mzima mwenye wajukuu anavyoambiwa simama, kaa, toka, rudi tarehe fulani, kama mbuzi wa kuazima. Alirudi nyumbani kifua kinamuwaka. Akaapa kwamba wale waliokaa juu wakiyasema yao, watayasema mbele ya macho yake. Ilikuwa miaka tisa sasa. Alikuwa ameshawaona mahakimu wanne wakija na nywele nyeusi na kuhamishwa na mvi. Watu walimwita Bi Hakimu, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, na yeye aliwaitikia wote kwa sauti ile ile.

Kalamu hakuiamini. Kalamu ni yao, alisema, na faili huliwa na mchwa. Kumbukumbu zake aliziweka kwenye kamba. Kila kesi ilikuwa na kipande chake cha kamba ya mwani kilichotundikwa ukutani chumbani, na kila ilipoahirishwa alifunga taitai moja, vile vijikamba vya kufungia mbegu za mwani. Taitai nyeupe, shahidi hakuja. Ya buluu, hakimu yuko semina. Nyekundu, faili halionekani. Ungemtolea kamba ya miaka sita iliyopita angekusomea fundo kwa fundo, nani alikohoa na nani alisinzia.

Basi siku moja ukutani ikatundikwa kamba ya Talib.

Talib alikuwa mdogo wake wa mwisho, mvuvi, mtu wa maneno machache na kicheko kingi. Askari walimfuata nyumbani mwishoni mwa Septemba wakamwambia kwamba siku tisa nyuma, tarehe kumi na tisa, alionekana akisafirisha karafuu za magendo kwa ngalawa. Gunia walikuwa nalo, walilikuta kwenye mikoko. Ngalawa waliichukua siku hiyo hiyo, wakaipakia kwenye lori kama mgonjwa, wakaiweka uwani kituoni. Jina lake lilikuwa *Subira*, na kabla ya mwezi kwisha kuku wa kituo walikuwa wanataga ndani yake.

Talib aliulizwa tarehe kumi na tisa alikuwa wapi. Akasema hajui. Naye alisema kweli, kwani mvuvi gani anaishi kwa tarehe? Tarehe ni za watu wa ofisini. Aliapa kuwa gunia lile hajapata kuliona, wakamwandika kwamba anakana, wakampa dhamana, na mwendo ukaanza: njoo Jumatatu, njoo mwezi ujao, njoo baada ya sikukuu. Akitiwa hatiani, alisomewa, ni Chuo cha Mafunzo, yaani jela, kwa miaka, na ngalawa itataifishwa. Hayo ya Chuo cha Mafunzo Talib aliyasikia kwa utulivu. Ya ngalawa ndiyo yaliyomkosesha usingizi, maana aliichonga marehemu baba yao, na ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba mbili.

Binamu yao Kificho, mwenye duka, ndiye aliyeamua juu ya wakili. Kificho alikuwa na imani kwamba kitu kizuri lazima kivuke maji kwanza. Mchele wake wa ng'ambo, kofia yake ya ng'ambo, hata dawa ya panya. Akaleta wakili kutoka Unguja, mtu nadhifu mwenye viatu vinavyolia, ambaye siku ya kwanza alisema Kiingereza cha kupendeza kwa robo saa, kesi ikaahirishwa. Mara ya pili alileta barua kwamba boti haikuondoka. Mara ya tatu alileta barua kwamba ana kesi nyingine. Bi Time ikambidi atafute rangi mpya ya taitai kwa ajili yake, akachagua nyeusi.

"Huyu hajakuuliza kitu," alimwambia Talib siku moja wakirudi.

"Aliniuliza jina langu kamili."

"Ala. Basi tumepona."

Siku fundo la kumi na tatu lilipofungwa, hakimu alichoka naye. Alitamka kwamba usikilizaji utaanza tarehe ijayo, wakili awepo asiwepo. Zilibaki siku kumi na moja. Kificho akasema atapiga simu Dar es Salaam. Bi Time akamwambia apige na Bombay, yeye anakwenda Chake, hapa hapa kisiwani.

Maana Bi Time hakukaa benchi lile miaka tisa akihesabu nzi. Mawakili wote wa kisiwani alikuwa amewaona wakipigana, akawajua kama watu wanavyowajua ng'ombe wa mchezo: huyu ana pembe lakini hana pumzi, yule hukimbilia kitambaa. Na mmoja alikuwa amemwona akimwokoa mtu kwenye kesi ya wizi wa bata kwa suali moja tu, alilouliza kwa upole kama anayeulizia njia. Alikuwa msichana wa Kisiwa Panza, Wakili Safaa, ofisi yake juu ya fundi cherehani.

Tatizo halikuwa Safaa. Tatizo lilikuwa mama yake. Mwaka wa mvua kubwa, Safaa bado hajazaliwa, Mwanawema wa Panza aliazima sinia la shaba la Bi Time kwenda kupakulia pilau ya harusi, akalirudisha lina ufa, akasema lilikuwa nao. Tangu siku ile wanawake wawili hawa wakikutana mazikoni walikuwa wakisalimiana kwa nyusi. Bi Time alikuwa akisahau jina la hakimu aliyehamishwa, lakini hajapata kusahau sinia.

Alipanda ngazi za fundi cherehani akiwa amekunja uso, Talib nyuma yake.

"Shikamoo, Bi Time," Safaa alisema akiinuka. "Karibuni. Mama alinambia mtakuja."

"Alijuaje?"

"Alisema wakishamaliza mawakili wa kuvuka bahari watakumbuka kwamba Panza nako kuna watu. Akaniusia pia neno la sinia nisilitie mdomoni."

"Lina ufa mpaka leo," alisema Bi Time, akakaa.

Safaa aliisoma hati ya mashtaka mara mbili. Hakuuliza jina kamili la mtu. Hakuuliza gunia la nani. Aliweka kidole penye mstari mmoja, akainua macho.

"Tarehe kumi na tisa Septemba, saa nne asubuhi. Siku hiyo mwezi mwandamo ulikuwa umefika siku ya ngapi?"

Ukutani ilikuwepo kalenda ya msikiti, ya mwaka uliopita, yenye tarehe zote mbili, ya kizungu juu na ya mwezi chini yake. Bi Time aliinuka mwenyewe, akaifunua nyuma mpaka Septemba, akaifuata kwa kidole.

"Kumi na tano," alisema polepole. "Mfungo Sita, mwezi kumi na tano. Siku tatu tu baada ya Maulidi."

Talib akaanza kucheka. Alicheka kwa pua, kisha kwa mabega, kisha akainamia meza ya watu. Mwezi kumi na tano ni bamvua, na lile lilikuwa bamvua kubwa kupita yote ya mwaka, ambalo bahari hutoka asubuhi ikaenda zake mpaka kwenye mwamba, isijae tena mpaka saa kumi ya jioni, na Vikokoni ikabaki na mchanga, vidimbwi na wanawake. Saa nne asubuhi ya siku kama hiyo ngalawa haielei. Saa nne asubuhi ya siku kama hiyo hata bata haelei.

Bi Time hakucheka. Alikuwa akijihisabia makosa. Mara kumi na tatu karani aliisoma hati ile mbele yake, mara kumi na tatu alisikia "saa nne" na "tarehe kumi na tisa," na yeye mwenyewe saa hiyo ya siku hiyo alikuwa papo hapo pwani, akipigilia vigingi vyake vya mwani, miguu mikavu. Watu wote wa Vikokoni walijua bahari ya mwezi kumi na tano huwa wapi saa nne, na kwa kuwa wote walijua, hakuna aliyeona haja ya kuilinganisha tarehe ile na mwezi. Nani huenda mahakamani kueleza kwamba jua hutoka mashariki? Walikuwa wameushika uongo ule mzima mzima wakaulaani, wala hakuna aliyeufungua kutazama ndani mna nini.

"Mbona yule wa viatu hakuuliza?" alisema.

"Angeulizaje, Bi Time? Kwa mtu wa mjini bahari ipo tu, kila saa." Safaa aliikunja hati. "Sasa nina ombi moja, na ndilo gumu. Mpaka siku ya kesi, msimwambie mtu."

Ombi hilo lilikuwa zito kuliko kesi yenyewe. Vikokoni siri haikai. Ukimnong'oneza mtu msikitini, ukifika kisimani utaipokea imeongezwa chumvi. Siku zote zile zilizobaki Bi Time alizunguka na neno lile kama mtu aliyebeba uji wa moto. Kificho alimwona Talib anapiga mluzi akaingiwa na wasiwasi, akaja kuuliza iwapo binamu zake wamepata hirizi. Bi Time akamjibu kwamba ndiyo, wamepata ya Panza, wala haivuki maji.

Siku ikafika. Shahidi wa kwanza alikuwa koplo aliyemkamata Talib, kijana mtanashati, mtoto wa mashamba, wa kwenye mikarafuu ya milimani, ambaye kabla ya kuhamishiwa pwani bahari aliijua kwa kuitazama kutoka juu. Alieleza vizuri. Alikuwa doria, akamwona mshtakiwa anasukuma ngalawa kutoka kwenye mikoko, gunia limo ndani, akamwita, mshtakiwa akalitupa gunia, akapanda, akatweka tanga akaondoka. Mwendesha mashtaka akamshukuru. Safaa akainuka, akarekebisha mtandio, akauliza kwa sauti ile ya kuulizia njia.

"Koplo, siku hiyo, siku ya tatu baada ya Maulidi, maji yalikuwa yamemfika wapi mshtakiwa?"

"Kiunoni."

"Saa una hakika nayo?"

"Niliangalia saa yangu. Saa nne na dakika tano."

"Kwa nini hukumfuata?"

"Maji yalikuwa mengi," koplo alisema, kisha akaongeza kwa uaminifu, "na mimi sijui kuogelea."

Karani wa mahakama, mzee wa Kojani aliyezaliwa ndani ya maji, kalamu ilimponyoka. Benchi la nyuma zima lilikuwa watu wa Vikokoni, na kwanza kila mmoja alimtazama mwenzake. Kisha mtu mmoja akasema "Kumi na tano?" kwa sauti ndogo, na kicheko kikapanda kutoka nyuma kuja mbele kama maji yanayojaa. Hakimu aligonga meza akataka aambiwe kinachochekesha. Safaa akatoa jedwali la kujaa na kupwa lenye muhuri wa ofisi ya bandari, akaomba lipokewe kuwa kielelezo. Kisha akaomba jambo la pili: mahakama itembelee mahali pa tukio, mwezi ukitimia siku zile zile, saa ile ile. Mwendesha mashtaka alilitazama jedwali kwa muda. Hakuwa na pingamizi.

Fundo la kumi na nne Bi Time alilifunga kwa kijani, rangi ambayo hajapata kuitumia.

Asubuhi ya mwezi kumi na tano uliofuata mahakama ilifika Vikokoni kwa magari mawili, na Vikokoni ilikuwa imeoga. Hakimu alishuka na viatu vyake vya ngozi, akafika mwisho wa nyasi, akasimama. Mbele yake ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, unakwenda na kwenda, na mbali kabisa mstari mwembamba wa buluu ambao mtu angeweza kudhani ni wingu. Wanawake walikuwa wametapakaa huko wameinama kwenye mwani wao, sauti zao zinakuja vipande vipande.

"Nionyeshe," hakimu alimwambia koplo, "ulipomwona."

Koplo alitembea. Kila alipotarajia maji alikuta mchanga, akazidi kwenda, hakimu nyuma yake viatu mkononi, suruali imekunjwa, karani wa Kojani akichagua njia ya kukwepa mashokoro yenye miiba. Mwishowe koplo akasimama penye kigingi akasema kwa sauti iliyokauka kama mahali pale kwamba ni hapa.

Na hapo ndipo alipopita Mzee Silima na baiskeli yake. Hakuna aliyempanga, hata Bi Time aliapa hivyo baadaye kwa jina la Mungu. Alitokea upande wa ng'ambo, kikapu cha muhogo nyuma, anakanyaga taratibu, akapita baina ya hakimu na shahidi, akapiga kengele.

"Mzee, unatoka wapi?" hakimu alimuuliza.

"Kwa mkwe wangu, ng'ambo ya pili."

"Hupita hapa siku zote?"

"Bamvua likiwapo. Njia ya juu ina vilima, mheshimiwa, na magoti yangu unayaona." Alitazama ule mkusanyiko wa watu waheshimiwa wamesimama miguu mitupu katikati ya bahari. "Mmepoteza kitu?"

Hakimu aligeuka upande mwingine, na mabega yake yalitikisika kidogo, lakini aliporudi kuwatazama uso ulikuwa wa kazi. Alimuuliza koplo kama ana la kuongeza. Kijana yule akasema yaliyokuwa kweli: aliwasikia watu kwenye mikoko gizani, kabla ya kucha, akawakimbiza, wakamponyoka, akabaki na gunia mkononi na bosi wa kumjibu. Ngalawa iliyokuwa karibu ilikuwa ile, imelala ubavu. Akaiandika namba yake, na saa nne ilikuwa saa aliyofika kituoni kuandika ripoti.

Wiki moja baadaye, mjini, hakimu alisoma kurasa mbili ambazo Bi Time alizipunguza kuwa neno moja: huru. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu, na ngalawa irudishwe kwa mwenyewe. Watu walimpongeza Safaa mpaka mtandio ukamvuka. Kificho alisema mbele ya wote kwamba yeye tangu mwanzo alipendelea wakili wa nyumbani. Watu wakamwachia, siku ya furaha haiharibiwi.

Ila Bi Time alisubiri mpaka ukumbi umetulia, akasimama pale pale benchi la nyuma. "Mheshimiwa, nina suali. Misimu miwili ya samaki mtu huyu kakaa nchi kavu. Kuna karatasi ya kumwambia samahani?"

Hakimu alivua miwani. Alisema karatasi hiyo sheria haijaiweka. Kisha akasema, si kwa karatasi, "Samahani, Talib." Karani hakuandika, lakini Bi Time alikuwa na kamba yake.

*Subira* ililetwa pwani kwa lori siku ya bamvua lililofuata, saa nne asubuhi, maana watu wa lori waliona saa nne ni saa nzuri. Ikashushwa mchangani, na ndani yake mlikuwa na kuku mmoja aliyekataa kushuka. Bi Time alikuwa amekwishafungua taitai zote kumi na nne zirudi kwenye mwani, akabaki na kamba tupu, akaifunga kwenye omo, mbele ya ngalawa, iwe ya kuivutia. Mwanawema alikuja kutoka Panza tangu alfajiri. Pweza wa nazi akapakuliwa kwenye sinia la shaba lenye ufa, mchuzi ukavuja kidogo, na Mwanawema akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ufa ule, sasa akiutazama vizuri, huenda ulikuwa wake. Bi Time akamsogezea kipande kinono.

Koplo naye alikuja, na karatasi. Alikuwa ametumwa kushuhudia chombo kikirudi majini, kisha mwenye chombo atie saini. Alisimama katika jua, akaitazama ngalawa, akautazama mchanga, akaitazama bahari ilikokuwa.

"Tutie saini basi, Bi Time, niende."

"Imeandikwa irudi majini, haikuandikwa irudi mchangani." Alimpisha nafasi kwenye jamvi, akamkatia pweza. "Kaa, mwanangu, ule. Imeahirishwa mpaka saa kumi."